Oktani, Nembo na Nguvu ya Injini: Hoja za Gereji za Gerezani

Katika gereji na maduka ya vipuri yaliyosongamana Gerezani, jirani na soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, yako masuala mawili ambayo huzuka karibu kila mara boneti ya gari lililopungua nguvu inapofunguliwa. La kwanza ni iwapo petroli ya kituo chenye nembo fulani ina nguvu kuliko ya kituo chenye nembo nyingine. La pili ni iwapo petroli yenye oktani kubwa, au dawa ya chupa imiminwayo tangini ili kuipandisha hiyo oktani, hulifanya gari lolote liende vizuri zaidi. Wenye magari hutoa fedha zao kwa kufuata majibu wayasikiayo, na majibu yenyewe mara nyingi hupingana. Yafaa basi masuala haya yapimwe kwa kanuni za fizikia na kemia ambazo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuzisoma, kwani hayahitaji elimu kubwa kuliko hiyo.

Ndani ya silinda

Injini ya petroli hufanya kazi kwa hatua nne. Pistoni hushuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli. Hupanda na kuugandamiza. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka na kuisukuma pistoni chini. Kisha pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Nguvu yote ipatikanayo hutoka katika hatua ya tatu, lakini kiasi chake hutegemea sana hatua ya pili. Ikiwa ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini ni mara kumi ya ujazo unaobaki pistoni ikiwa juu, husemwa kwamba uwiano wa mgandamizo ni 10 kwa 1.

Kwa nini mhandisi apende uwiano mkubwa? Kwa injini kamilifu ya kinadharia, sehemu ya joto igeukayo kuwa kazi ni 1 kutoa 1 gawanya kwa uwiano wa mgandamizo uliopewa kipeo cha 0.4. Mwanafunzi akifanya hesabu hiyo ataona kwamba uwiano wa 8 hutoa takriban asilimia 56.5 na uwiano wa 10 hutoa asilimia 60. Injini halisi haifikii viwango hivyo, kwa sababu joto hupotelea katika kuta za silinda na nguvu nyingine huliwa na msuguano, lakini mwelekeo ni huo huo: mgandamizo ukizidi, lita ile ile ya petroli hufanya kazi kubwa zaidi.

Hata hivyo faida hiyo ina gharama. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli na kuigusa ncha ya pampu anajua kwamba hewa igandamizwapo hupata joto. Hewa yenye nyuzi 27 za Selsiasi, yaani kelvini 300, ikigandamizwa kwa ghafla hadi sehemu moja ya kumi ya ujazo wake bila kupoteza joto, halijoto yake huwa 300 mara 10 kwa kipeo cha 0.4, ambayo ni kelvini 754 hivi, au nyuzi 481. Ndani ya silinda halisi halijoto ni ya chini kidogo, kwa kuwa mvuke wa petroli nao hunywa joto, lakini yatosha kuonyesha hatari iliyopo. Cheche inapotoka, mwali huanza karibu na plagi na kusambaa kwa mpangilio. Mchanganyiko ulio pembezoni, ambao bado haujafikiwa na mwali, hubanwa zaidi na gesi zinazotanuka, ukazidi kupata joto. Ikiwa utashindwa kungoja mwali uufikie, utajiwasha wenyewe kwa mara moja. Hapo shinikizo hupanda kwa ghafla, mawimbi yake huzipiga kuta za silinda, na dereva husikia mlio kama wa changarawe zitikiswazo ndani ya kopo, hasa gari linapopanda mlima likiwa na mzigo. Mlio huo ukiendelea kwa muda mrefu, waweza kuvunja ringi za pistoni na hata kuitoboa pistoni yenyewe.

Hapa pana neno la kutahadhari nalo. Katika lugha ya gereji, injini iliyonoki kwa kawaida ni ile ambayo beringi za konrodi zake zimelika kwa kukosa oili. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na petroli ya aina yoyote haiuponyi.

Oktani hupima nini?

Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya General Motors huko Dayton, Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha msombo wa risasi uitwao tetraethili kiliweza kuuzima mlio ule. Petroli yenye risasi ikaanza kuuzwa mwaka 1923, ikaenea duniani kote. Madhara yake kwa ubongo wa watoto yalipothibitika, nchi moja baada ya nyingine ziliiacha. Mataifa ya Afrika kusini ya Sahara yaliafikiana huko Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa katika eneo hilo. Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliikomesha mwaka 2021. Siku hizi uvumilivu wa petroli huongezwa kiwandani kwa kuzipanga upya molekuli zake, na kwa kutia misombo mingine isiyo na risasi.

Lakini ilihitajika kwanza njia ya kuupima uvumilivu huo. Mwaka 1926 mkemia Graham Edgar alipendekeza haidrokaboni mbili ziwe vipimo vya kulinganishia. Isooktani, ambayo molekuli yake ina matawi mengi na haijiwashi kwa urahisi, ilipewa alama 100. Heptani, ambayo molekuli yake ni mnyororo ulionyooka na hujiwasha upesi, ilipewa sifuri. Petroli isemwayo kuwa na oktani 95 ni ile ambayo, ikitiwa katika injini maalumu ya majaribio, huanza kulia pale pale ambapo mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na sehemu 5 za heptani ungeanza kulia. Si lazima petroli hiyo iwe na isooktani kwa kiasi hicho.

Msomaji azingatie kwamba maelezo hayo hayataji nguvu popote. Oktani hupima uwezo wa petroli wa kustahimili joto na shinikizo pasipo kujiwasha kabla ya kufikiwa na mwali. Nishati iliyomo ni jambo jingine. Lita moja ya petroli, iwe ya oktani kubwa au ndogo, ina megajuli 32 hivi. Ethanoli, yaani kilevi kile kile kilichomo katika gongo, ina oktani inayozidi 100, lakini nishati iliyo katika lita yake moja ni kama megajuli 21 tu. Laiti oktani ingekuwa kipimo cha nguvu, basi ethanoli ingeishinda petroli kwa mbali.

Pana pia tofauti ya namba inayowachanganya wengi. Oktani huweza kupimwa kwa njia mbili, moja ikiwa kali kuliko nyingine. Japani na nchi za Ulaya huandika namba ya njia nyepesi, ilhali Wamarekani huandika wastani wa njia zote mbili. Kwa hiyo petroli ya 87 katika kituo cha Marekani ni karibu sawa na ya 91 au 92 kwa hesabu ya Japani na Ulaya. Mtu asomaye kitabu cha gari kilichochapishwa Marekani asidhani kwamba aliyekiandika aliridhika na mafuta hafifu.

Magari yatokayo Japani

Magari mengi yafikayo katika gereji za Gerezani yalianza maisha yao katika barabara za Japani. Huko petroli ya kawaida yatakiwa iwe na oktani isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. Injini ya 1NZ-FE ya Toyota, iliyomo katika baadhi ya magari ya aina ya IST, ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, lakini ilibuniwa kutumia ile petroli ya kawaida ya Japani. Petroli iagizwayo Afrika Mashariki yatakiwa kuwa na oktani inayozidi 90. Kwa mwenye IST, basi, uvumilivu anaouhitaji umekwisha kulipiwa katika bei ya kawaida, na chupa ya dawa ya oktani haina cha kuongeza.

Mambo si hayo kwa gari la Altezza lenye injini ya 3S-GE, wala kwa Subaru zenye turbo, ambazo ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na hivyo shinikizo na joto huwa kubwa tangu mwanzo. Magari hayo yana kihisio cha fuwele kilichofungwa kwenye bloku ya injini. Mlio ukianza, kompyuta huichelewesha cheche kidogo, mlio ukakoma, lakini nguvu nayo hupungua na mafuta hutumika zaidi. Hapa ndipo oktani kubwa huonekana kama inaongeza nguvu, kumbe inairudishia injini kile ilichokuwa imenyimwa. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanya majaribio mwaka 2016 na kuona kwamba magari yaliyobuniwa kwa petroli ya kawaida hayakupata faida ya maana kwa kupewa ya daraja la juu. Mwaka uliofuata kilipima magari ambayo watengenezaji waliyapendekezea petroli ya juu bila kuilazimisha. Nguvu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 1.4 tu, na umbali kwa kila kipimo cha mafuta asilimia 2.7.

Kabla ya kompyuta, kazi hiyo ilifanywa na sikio la fundi. Enzi za Peugeot 504 na Datsun, petroli ya kawaida na ya super zilipouzwa pampu mbalimbali, fundi alilegeza distribyuta, akaizungusha kidogo kidogo, akalijaribu gari barabarani hadi mlio ulipokoma. Gari lililorekebishwa hivyo Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, likipelekwa Mbeya, iliyo juu kwa takriban mita 1,700, liliweza kuwashwa cheche mapema zaidi bila kulia, maana shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18.

Nembo na tangi

Wakazi wa Dar es Salaam hukiita kituo chochote cha mafuta "sheli", kwa jina la kampuni moja tu kati ya nyingi. Mazoea hayo ya ulimi yana ukweli fulani ndani yake. Tangu mwaka 1966, kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kilisafisha mafuta yaliyouzwa chini ya nembo mbalimbali, hadi usafishaji ulipokoma karibu na mwaka 2000. Tangu mwaka 2012 kampuni zimekuwa zikiagiza mafuta kwa mfumo wa pamoja, shehena moja ikigawanywa kwa wengi. Petroli ishushwayo katika gati la Kurasini huweza siku hiyo hiyo kujaza magari ya kampuni tano zishindanazo.

Tofauti ya haki iwezayo kudaiwa na nembo ni ile ya viungo vinavyotiwa baadaye, hasa visafishaji vizuiavyo masizi kuganda kwenye valvu na nozeli. Si madai matupu: AAA, katika majaribio mengine ya mwaka 2016, ilikuta kwamba petroli zilizotimiza kiwango cha juu cha visafishaji ziliacha masizi pungufu kwa wastani wa mara 19 kuliko zile zisizokitimiza. Lakini faida hiyo huonekana baada ya maelfu ya kilometa. Anayesema alihisi tofauti alipotoka tu kituoni amehisi kitu kingine.

Kinachoweza kuhisiwa upesi ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yana minyororo mirefu ya haidrokaboni. Oktani yake ni ndogo mno, na huchelewa kugeuka mvuke. Yakichanganywa na petroli, injini hulia, plagi huwa nyeusi kwa masizi, na sehemu isiyoungua huteremkia katika oili na kuifanya nyepesi. Kwa miaka mingi kodi ndogo ya mafuta ya taa iliifanya hila hiyo iwe na faida. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta yaliyolipiwa kodi ili yaliyochanganywa yatambuliwe, na mwaka 2011 Serikali iliipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi. Adui mwingine ni maji. Kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama chini ya tangi la ardhini, na wakati wa masika tangi lenye ufa au mfuniko mbovu huyapokea kwa wingi. Katika mambo haya nembo iliyo juu ya paa haisaidii kitu. Hali ya tangi lililo chini yake ndiyo iamuayo.

Anayenunua gari na kutaka kujua linahitaji petroli gani afungue kifuniko cha nje cha tangi. Magari ya Japani yanayohitaji daraja la juu mara nyingi yamebandikwa karatasi hapo, nayo, ingawa imeandikwa kwa Kijapani, fundi mzoefu huitambua. Na ikiwa gari lililobuniwa kwa petroli ya kawaida linalia likipanda daraja, chupa ya dawa ibaki dukani kwanza. Zitazamwe plagi kama ni za joto linalotakiwa, upimwe mfumo wa maji ya kupozea, yachunguzwe masizi yaliyoganda juu ya pistoni, ambayo hupunguza ujazo na kwa hiyo huukuza uwiano wa mgandamizo bila mwenye gari kujua. Mwisho ichotwe petroli kidogo kutoka chini ya tangi, mbali na moto, iwekwe katika chupa ya kioo na kuachwa itulie. Kama ina maji, yatajitenga na kuonekana chini.