Mbele ya kuamini mtaalamu wa ordinateri

Ordinateri ya kubeba inaweza kula feza ya jamaa nzima. Mbele ya kulipa, wengi wetu tunaangalia video ya mtaalamu kwenye intaneti. Akisema “iko muzuri”, tunanunua. Lakini mtaalamu naye anapimwa, kwa maulizo matatu.

Kwanza, mashini aliitoa wapi? RTINGS wananunua wenyewe zile wanazopima. Wengine wanakopeshwa na kampuni, ama wanapata asilimia ukinunua kupitia linki yao. Haina maana wanadanganya, lakini lazima waseme wazi.

Pili, alipima namna gani? “Batri inakaa saa kumi” bila maelezo ni maneno tu. Notebookcheck wanapima batri juu ya Wi-Fi, mwangaza wa ekra kwenye kandela 150 kwa mita ya mraba. Kipimo kikiwa kimoja, unaweza kulinganisha mashini mbili.

Tatu, ni mashini ile ile? Jina moja linaweza kubeba prosesa, memori na ekra tofauti. Soma namba kamili ya modeli.

Na ukinunua ya okazyo, hakuna mtaalamu aliyepima batri ile. Ujipimie wewe mwenyewe: kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha batri ilitoka kiwandani na nguvu gani, na leo imebakia na ngapi. Muuzaji akikataa ufanye vile, feza irudie mfukoni.