Dogo, Ukipotea Wiki Mbili Nani Atakutafuta?

Results za KCSE zikishatoka, kila keja mtaani inageuka Wizara ya Elimu. Buda ana maoni. Mathe ana maoni na maombi. Anko, mwenye hajawahi tuma hata mbao ya biro, amefufuka kwa WhatsApp ya familia akiandika ENGINEER kwa herufi kubwa. Na dogo mwenyewe, mwenye alikalia hizo paper, hakuna msee amemuuliza kitu. Ndio maana atakuja kwako. Utamwona jioni, smokie mkononi, anazunguka zunguka, halafu anaiachilia: "Bro, niende chuo kubwa ama niende hako kachuo?"

Sikia. Usichome hapa. Kwa hii ploti yote, wewe ndio msee wa mwisho mwenye bado anakumbuka Wi-Fi ya hostel hukataa saa ngapi.

Wazee tuwamalize haraka. Hawa watu walisoma wakati university ilikuwa moja. Sikutanii. UoN ilikaa peke yake kama university ya umma kutoka 1970 mpaka Moi ikafunguliwa 1984. Ungechagua nini na menu ina kitu moja? Halafu serikali iliwalipia masomo, ikawalaza, ikawalisha, na bado ikawapea doh ya mfuko. Waliiita boom. Boom, manze! Unalipwa ju umekubali kusoma. Cost-sharing ikaingia mwanzo wa 90s, HELB ikaundwa 1995, na hapo ndio deni ilianza kutujua kwa ID number. Sasa msee wa boom anakaa kwa sofa, remote mkononi, anamwambia dogo, "Soma tu, kazi itakutafuta." Itamtafuta na nini, buda? Truecaller?

Haya, tuongee ya maana.

Chuo kubwa iko na luku, wacha tusidanganyane. Kuna ile picha kila fresher hupiga hapo Fountain of Knowledge, kidole kwa kidevu, anaangalia mbali venye ni yeye aligundua maji. Kuna UoN Towers nyuma inakupea background ya bure. Kuna KU na Thika Road mbele ya gate, nganya zinapita na ngoma ya kutetemesha kioo, wewe uko stage na lanyard shingoni ndio kila mtu ajue. Kuna Juja, tao nzima yenye inaishi ju ya JKUAT. Utapata mbogi kutoka Mandera mpaka Migori. Utapata siasa za comrades, na wale wenye leo wanashikilia megaphone kesho utawaona kwa mabango ya MCA. Hiyo network si mchezo. Miaka kumi baadaye ukiingia ofisi yoyote ya hii nchi, kuna msee mlilipuka na yeye mkikimbia teargas.

Lakini sasa ingia class. Hizo common units za first year, watu mia tatu kwa hall, lec ni kadoti huko mbele na mic imekufa. Umeketi kwa ngazi. Kuna msee amelala, kuna mwingine anauza perfume, kuna mrembo amekaa mbele yako na hutawahi jua jina lake mpaka mgraduate. Hakuna mtu anajua uko. Na hakuna mtu anajua hauko. Shika hiyo ya pili vizuri, ndio stori yote ya leo.

Ju chuo kubwa inakuruhusu kupotea. Unaweza amka saa tano, upike indomie, ucheze FIFA mpaka giza, urudie hivyo semester nzima, na hakuna mwanadamu atagonga mlango. Hakuna kengele, hakuna deputy principal, hakuna mathe. Kuna portal tu, na portal haina moyo. Mara ya kwanza mtu atakutafuta ni siku list ya sup imebandikwa. Na usisahau missing marks. Ulikuwa kwa hiyo exam. Uliandika mpaka kidole ikafura. Portal inasema hukuwa. Unaanza safari: department, wanakutuma kwa dean, dean anakutuma kwa lec, lec anafundisha part-time chuo ingine hadi Alhamisi, na Alhamisi hapatikani. Kuna wasee wamekosa gown ju ya unit moja ya first year. Hiyo aibu, na ushalipia watu wa ocha mat ya kuja graduation, hata sitaki kuifikiria.

Sasa kachuo.

Anko akiskia kachuo anauliza kwa group, "Hiyo si ni mahali wanafundisha kunyoa?" Kwanza kunyoa kunalipa, na tukiangalia hiyo kichwa yake, ni yeye anahitaji hiyo huduma. Pili, history, Anko. Kabete National Polytechnic imekuwa hapo tangu 1924. Hiyo UoN anasifu ilipokea wanafunzi wa kwanza 1956, na jina lake la kwanza lilikuwa Royal Technical College. Umeskia hapo katikati? Technical. University yenyewe ilianza ikiwa kachuo.

Kachuo si moja pia. Kuna small universities huko mashinani, halafu kuna polytechnic na TTI, halafu kuna zile zimejifunga kwa kitu moja tu. Kenya Utalii College, hapo Thika Road, iko tangu 1975, na wana hoteli yao ya kufanyia practicals. Yaani unajifunza kuhudumia mgeni kwa mgeni mwenye amelipa, si kwa projector. Taita Taveta University inafundisha mining, na kaunti yenyewe ndio inachimbwa tsavorite. Ukisomea mambo ya mawe, si uende mahali mawe yako? Kwa TTI ya mtaani, workshop ni ile mashine utapata kwa kazi, na mwalimu amesimama nyuma yako anapiga kelele ju welding yako ni mbaya. Hiyo kelele ndio unalipia fees.

Na kwa kachuo hupotei. Class iko na watu thelathini, lec ana namba yako, ukikosa mara mbili anakupigia. Ukipigwa na maisha, kuna mtu anaona. Dogo mwenye alizoea kusukumwa na boarding miaka minne, na kengele ya saa kumi asubuhi, anahitaji mtu wa kumuona.

Bei ya hiyo? Privacy, buda. Kwaheri kabisa. Ukiachwa Ijumaa jioni, watchie ashajua kufikia Jumamosi asubuhi, na anakuangalia na huruma ukisign. Club iko moja, na DJ ndio huyo technician wa lab. Event ya mwaka ni Mr and Miss, na mshindi ni yule wa mwaka jana, ju hakuna mtu mwingine. Weekend tao imelala saa mbili. Na ukirudi Nairobi kila msee anakuuliza, "Eti unasoma wapi?" Unasema mara ya kwanza. Unarudia. Mara ya tatu unasema tu "karibu na Voi" na unabadilisha stori.

Ganji sasa, ju hapa ndio wengi huumia wakiwa wamevaa smart.

Ile funding model ilikuja 2023 iliweka familia kwa bands tano. Band 1, scholarship 70%, loan 25%, nyumbani mnatoa 5%. Band 5, scholarship 30%, loan 30%, na 40% ni yenu. Watu husahau kitu moja: hizo percentages zinakatwa kwa bei ya course. Course ghali, hata ka-percent kadogo kanauma. So kabla dogo abonyeze kitu kwa KUCCPS ju course ina jina tamu, mchukue calculator mkae chini. Na buda asifiche Probox akijaza maswali ya mapato. Ama afiche. Mimi sijaskia kitu.

Halafu kuna yale mambo hayako kwa fee structure. Bedsitter karibu na gate ya chuo kubwa hapa Nairobi inaanza kitu ngiri saba, nane, ikiwa na tiles inapanda mpaka kumi na mbili, na caretaker bado anakuangalia na dharau. Huko kwa tao ndogo, ngiri tatu au nne inakupea chumba na kamba ya kuanika nguo. Mat kutoka Eastlands mpaka tao, mvua ikinyesha, fare inaruka mara mbili na makanga hana hata aibu. Kachuo ukitembea dakika tano uko class, na chapo madondo ya hapo gate inashibisha. Kwa chuo kubwa kuna pia kodi ya luku: njumu, bundles, birthday za watu hujui. Dogo atakuambia hajali. Atajali kufikia wiki ya tatu.

Na kama mtu anadhani chuo kubwa ndio salama, 2025 lecturers wa university za umma waligoma siku 49. Kubwa, ndogo, zote zililala pamoja.

So unamwambia nini? Mimi naanza na course. Dogo ana cluster points ngapi, kati ya zile 48? Kama chuo kubwa imemuita course hajui hata inafanya nini, course ilikuja tu ju ya kujaza nafasi, na kachuo kamemuita kitu huwa anafanya bure kwa YouTube usiku, mbona tunaongea? Hepa na kachuo. Kama course ni moja pande zote mbili, mwangalie dogo mwenyewe, sio jina la chuo. Yule hujipanga, huamka bila alarm, hujua watu kwa foleni ya mutura, mpeleke chuo kubwa, ataila mzima mzima. Yule mpole, wa "niko tu poa" hata akiwa amechomeka ndani, usimtupe kwa watu mia tatu. Najua inakaa matusi. Si matusi. Wasee wakali sana nawajua walizama first year na hakuna mtu alijua mpaka third year.

Na kama alipata C plain, wazee wasimzike. Degree inataka C+, diploma inataka C-. Anaingia na diploma, anapiga kazi, halafu anapanda degree akiwa na mshahara, na wale wa class yake ya form four bado wanatafuta attachment.

Kitu ingine, na hii hakuna mtu kwa group ya familia ameuliza: course imetambuliwa? Engineering ni EBK, law ni Council of Legal Education, nursing iko na council yake. Angalia course, sio chuo tu. Kuna chuo na jina kubwa na course moja haina karatasi. Hapo Anko amenyamaza, ghafla hana bundles.

Halafu enda na yeye. Si open day. Open day kila chuo imepakwa rangi na imeweka mahema. Enda Jumanne ya kawaida, mapema. Ingia workshop uangalie kama mashine zimefunikwa na vumbi ama kuna mtu anazitumia. Shika second year kwa canteen, mnunulie chai, umuulize marks hutoka lini. Sura yake itakujibu kabla amalize mandazi.

Akishachagua, mathe atataka kumnunulia meko mpya, na burner inang'aa na kiberiti cha gas. Mkataze. Finalists wakikaribia graduation huuza meko, pillow na ndoo kwa bei ya kutupa, ju hawana mahali ya kuzibeba. Mwambie afike mapema, apige bei bila huruma, na aangalie kama mtungi uko na gas ndani.