Kapeti ya Keja Inanuka? Usinunue Ingine Kabla Usome Hii

Unaijua hiyo harufu. Umetoka job, mathree imekushukisha steji, unafungua mlango wa keja na kitu ya kwanza kukusalimia ni kapeti. Inanuka ka soksi zimelala kwa beseni wiki mzima. Unafungua dirisha, unapuliza marashi kidogo, unajiambia wikendi utaifua. Wikendi inakuwa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi inakuwa July, na July ya Nairobi haina huruma: baridi, mawingu, hakuna kitu inakauka.

Sasa wengi wetu huku Eastlands tuna dawa moja. Tunaenda Gikomba, tunachukua kapeti ingine, tunaitandika juu ya ile ya zamani. Keja inang'aa, unapiga picha unaweka status. Baada ya wiki kadhaa harufu inarudi, na ganji imeshaenda.

Sababu ni simple. Mara nyingi shida si kapeti, shida ni maji yenye iko chini yake. Ukibadilisha kapeti na hujatoa hiyo maji, ni ka kuvaa shati mpya bila kuoga.

Maji inatoka wapi na sijamwaga?

Iko na njia nne za kuingia.

Ya kwanza ni sakafu yenyewe. Sehemu kubwa ya Embakasi, Kayole na Donholm imejengwa juu ya ule udongo mweusi, black cotton. Huo udongo unafyonza maji na kukaa nayo, hasa msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei. Ka fundi hakuweka nailoni chini ya simiti wakati wa kujenga, unyevu unapanda polepole venye chai inapanda kwa mandazi. Wasee wa nyumba za chini ndo wanaumia zaidi.

Ya pili ni hewa. Chumba ya futi kumi kwa kumi ni kama mita tatu kwa tatu. Hapo ndani unapika ugali, unachemsha maji ya kuoga, unaanika nguo ju kamba za juu ziliibiwa suruali wiki jana, na mnapumua watu watatu usiku kucha. Huo mvuke wote unatafuta mahali baridi pa kukaa, na sakafu mara nyingi ni baridi. Ka dirisha yako inaangalia ukuta wa jirani, venye iko kwa ploti mingi za Pipeline, hiyo hewa haina pa kutokea.

Ya tatu ni mitungi. Maji ya mtaa inakuja na ratiba yake, kwa hivyo kila mtu ana mitungi kwa kona. Inua wako leo uangalie chini. Tone moja moja, miezi sita, hakuna mtu anaona.

Ya nne ni mkojo wa mtoi, ama wa paka. Maji yake inakauka lakini chumvi inabaki kwa nyuzi, na chumvi inavuta unyevu kutoka kwa hewa. Ndo maana kapeti ilikuwa fiti mchana, na usiku ikinyesha inanuka tena. Hii shida haijui tajiri. Wenye zile boti za matanga zinafungwa Kilifi wanapigana nayo hivyo hivyo: kachumba kadogo, hewa imefungwa, na kapeti ikishalowa maji ya bahari haikauki vizuri mpaka isuuzwe na maji tamu kutoa chumvi.

Pima kwanza, haitaki doo

Toa kapeti kwa kona moja, panguza sakafu ikae kavu. Chukua kipande cha nailoni safi, ile godoro ilikuja nayo iko sawa, ukubwa kama wa gazeti lililofunguliwa. Ibandike kwa sakafu na selotepu pande zote nne, hewa isipite. Iache siku nzima, usiku na mchana.

Ukirudi ukute matone upande wa chini, wenye unagusa sakafu, ama simiti imekuwa nyeusi zaidi hapo, unyevu unatoka kwa sakafu. Matone yakiwa upande wa juu, unyevu ni wa hewa ya chumba. Pande zote zikiwa kavu, shukuru, shida yako ni kapeti tu. Rudia hiyo tesiti kwa kona mbili tatu, usiamini moja.

Kuifua ama kuitupa?

Kuna kapeti zenye hazistahili sabuni yako.

Ka iliguswa na maji ya sewage ama ya mafuriko, itupe, hata ka ni mpya. April na May 2024 maji iliingia kwa manyumba Mathare na Mukuru, na ile haikuwa maji ya mvua peke yake, ilibeba kila kitu ya mtaro. Vijidudu vya hiyo maji vinaingia ndani ya nyuzi na kufua kwa mkono hakuwezi kuvitoa vyote.

Ka mgongo wake una madoadoa meusi ama ya kijani yameenea, ama ile sponji ya chini inamomonyoka ka mkate wa juzi, pia hiyo imeisha. Ukungu unaweza kuanza kumea ndani ya siku moja hadi mbili kitu ikikaa imelowa. Na si uchafu wa macho tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo 2009 likisema wazi kwamba watu wanaoishi kwa nyumba zenye unyevu na ukungu wako kwa hatari zaidi ya kukohoa, kifua kubana na asthma. Mtoi anacheza hapo chini siku mzima, pua yake iko karibu na hiyo kapeti kuliko yako. Ukiitoa, jifunge kitambaa ama maski, ikunje ndani kwa ndani vumbi isiruke, na usiipeleke mtoni.

Ka ni uchafu na harufu ya kawaida, fua.

Venye unafua

Itoe nje. Kufulia kapeti ndani ya keja ni kuongeza maji pale pale unapotaka kuitoa. Kwanza ikung'ute ikiwa kavu, ju vumbi ikikutana na maji inakuwa matope. Sehemu zenye zinanuka mkojo, mwagia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ngoja kama dakika kumi na tano. Jaribu kwa kona kwanza uone ka rangi inatoka.

Sabuni iwe kidogo. Hapa ndo wengi wanakosea. Omo ikibaki kwa nyuzi inashika vumbi, na baada ya wiki kapeti ni chafu kuliko mwanzo. Sugua, alafu suuza mpaka maji itoke safi bila povu.

Ka unampea mama fua, jua kapeti si shuka. Ikilowa inakuwa mzigo, kila lita ya maji ni kilo moja. Elewana naye bei ya kapeti kando, na umsaidie kuibeba. Vijana wa car wash pia wanaosha, na wale wako na mashine ya presha. Waambie tu waisuuze vizuri.

Na tafadhali, usichanganye Jik na siki, ama Jik na dawa ya choo. Inatoa gesi ya klorini yenye inachoma mapafu. Jik juu ya mkojo pia inatoa gesi mbaya. Chagua moja, tumia na mlango wazi.

Kukausha: hapa ndo watu wanaenda

Ianike kwa ukuta ama reli imara, si kwa kamba ya nguo. Igeuze, mgongo pia upate jua. Usiirudishe ju umeguswa juu ukaona kavu. Bonyeza tishu kavu kwa mgongo wake na nguvu zako zote. Ikitoka na unyevu, rudisha jua.

Sasa sikiza hii vizuri. Usiwashe jiko ya makaa ndani ya keja ukikausha kapeti, alafu ufunge dirisha ulale. Makaa inatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na kwa chumba ndogo haichukui muda. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, alafu unalala na huamki. Jirani akianza hizo dalili na jiko iko ndani, mtoe nje kwa hewa kwanza, alafu pigeni 999 ama 112. Kapeti ikose kukauka wiki mbili, haina noma. Wewe hatuna ingine.

Kabla ingine iingie

Fua sakafu, iache wazi mpaka tesiti ya nailoni itoke kavu. Ka unyevu ni wa hewa, fungua dirisha na mlango pamoja asubuhi hata nusu saa, pika karibu na dirisha, na inua mitungi juu ya mbao.

Ka unyevu ni wa sakafu, usigundishe kapeti na gundi. Itafungia maji ndani, na siku utahama, gundi itabaki kwa sakafu na deposit yako itabaki na landi. Pia mvuke wa gundi unashika moto haraka, na kwa chumba moja gesi ya kupikia iko mita moja hapo. Hata ule mkeka wa mbao wa plastiki haukuokoi, unaficha tu, ukungu unamea chini yake kimya kimya. Chukua zulia ndogo yenye unaweza kuinua kila wikendi, iache sakafu ipumue kandokando. Na ka godoro iko chini, tafuta mbao ama pallet uinue. Igeuze leo uangalie tumbo yake, utashangaa.

Alafu piga picha ya ile nailoni na matone yake, mtumie caretaker na landi kwa simu, kwa maandishi, na tarehe. Waambie kwa heshima sakafu inapandisha maji. Kurekebisha sakafu si kazi yako, na siku ya kuhama wakianza kusema wewe ndo uliharibu simiti, utakuwa na kitu ya kuonyesha.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla uende Gikomba, inua kona moja ya kapeti uangalie. Nailoni na selotepu zitakuambia ukweli bei rahisi kuliko muuza kapeti.