Nani Ashike Mizani

Utandawazi ni hali ya bidhaa, mitaji, habari na watu kuvuka mipaka ya nchi kwa wepesi mkubwa, na aghalabu huelezwa kwa mifano ya simu za mkononi, nguo za mitumba na mechi za Ulaya zinazotazamwa kwenye vibanda vya video. Lakini katika ukanda unaoanzia Mwadui, ukapita Shinyanga mjini na Kahama, ukaishia Geita, utandawazi huonekana kwanza katika mwamba uliosagwa. Mwamba huo huchimbwa kwa mitambo iliyonunuliwa kwa mitaji ya nje, dhahabu yake huuzwa kwa bei inayopangwa nje, na ugomvi mkubwa unaozuka juu yake mara nyingi umepelekwa kuamuliwa nje. Ndiyo maana hofu ya kupoteza mamlaka ya nchi, yaani uwezo wa taifa kutunga sheria zake, kutoza kodi zake na kuamua mambo yake bila kuelekezwa na mwingine, haijawahi kuwa hoja ya vitabuni tu katika eneo hilo. Wenyeji wameifupisha kwa kusema kwamba wageni watachukua dhahabu na kuwaachia mashimo.

Kauli hiyo ina ukweli wake, ila inaelekeza macho shimoni, wakati historia ya ukanda huo inaonyesha kwamba mamlaka ya nchi hupotea au hulindwa mahali padogo zaidi: kwenye mizani, kwenye maabara ya kupimia sampuli, kwenye meza ya kuthamini mawe, na katika kile kifungu cha mwishomwisho cha mkataba kinachotaja mahali ambapo shauri litasikilizwa.

Soko la dunia halikuingia katika ukanda huo wa Usukumani kwa dhahabu ya miaka ya tisini. Mkulima wa pamba wa Shinyanga alizoea kitambo kwamba bei anayotangaziwa ghalani imetokana na soko la nyuzi la mbali, asilolijua wala kulifikia. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa na Wajerumani mwaka 1898, na mgodi wa zamani ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966; na mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 likatoka humo jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake, likachongwa hadi karati 23.6 na hatimaye kutiwa katika pambo la kifuani. Zawadi ilikuwa ya kifahari, na waliokuwa wakiishi juu ya ardhi ilikotoka hawakuulizwa. Katika enzi ya ukoloni hakuna aliyeona kwamba palikuwa na la kuuliza.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 njia kuu za uchumi zilishikwa na dola, lakini uchumi ulipodhoofika Tanzania ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na kuanzia hapo ikaingia hatua kwa hatua katika soko huria, yaani mfumo ambao bei, biashara na uwekezaji huachiwa ushindani badala ya kupangwa na Serikali. Mwaka 1992 Benki ya Dunia ilitoa mkakati wa madini ya Afrika ulioyahimiza mataifa ya bara hili kuachia uchimbaji kampuni binafsi na kubaki na kazi ya kutunga kanuni na kukusanya kodi. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997 na Sheria ya Madini ya mwaka 1998 zilifuata mwelekeo huo: mwekezaji wa nje aliruhusiwa kumiliki mgodi kwa asilimia 100, akaruhusiwa kurudisha kwanza gharama za mtaji kabla ya kulipa kodi ya mapato, na mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji humlipa mwenye madini kwa kila kinachochimbwa hata kama mgodi haujapata faida, ukawekwa asilimia 3 kwa dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, kando ya mji wa Kahama, mwaka 2009.

Haki itendeke kwa walioandika masharti hayo. Mwaka 1999 wakia moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1, ilikuwa chini ya dola 300 za Marekani, Serikali haikuwa na mtaji wa kuchimba, na mwekezaji alikuwa na nchi nyingi za kuchagua. Kosa halikuwa kumlegezea mgeni masharti siku ya mvua. Kosa lilikuwa kuahidi kwamba masharti yale yale yangebaki hata jua likiwaka, kwa kuwa mikataba ya uendelezaji wa migodi ilibeba kile wanasheria wanachokiita kifungu cha utulivu, ambacho humhakikishia mwekezaji kwamba kodi na ada zilizokuwapo siku ya kutia saini hazitabadilishwa kwa madhara yake muda wote wa mkataba. Bei ya wakia ilipovuka dola 1,800 mwaka 2011, Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliyopandisha mrabaha hadi asilimia 4, na bado migodi mikubwa ilikuwa na karatasi za zamani za kujikingia. Kwa maneno mengine, Bunge la Dodoma lilikuwa limefungwa mikono na saini ambazo lenyewe halikuziona, kwani mikataba hiyo ilikuwa siri.

Usiri huo ndio uliolipua mjadala wa Buzwagi. Ilipofahamika kwamba mkataba wa mgodi ule ulitiwa saini na waziri katika hoteli ya London mwezi Februari 2007, wakati Serikali ilikwisha kutangaza nia ya kuipitia upya mikataba ya madini, mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, aliwasilisha hoja bungeni na akaishia kusimamishwa ubunge kwa muda. Lakini mwezi Novemba mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, ambayo mapendekezo yake yalichangia sheria ya 2010. Watu wengi walioudhika na jambo lile hawakuwa wamesoma kifungu hata kimoja cha mkataba. Walichokielewa vizuri ni kwamba mali ya Kahama iliandikiwa hati mbali na Kahama.

Miaka kumi baadaye neno jipya liliingia vinywani mwa watu wote: makinikia. Mwamba wa Bulyanhulu na Buzwagi una shaba iliyochanganyika na dhahabu, hivyo sehemu ya dhahabu hutolewa mgodini na sehemu nyingine hubaki katika unga mzito wenye shaba, dhahabu na fedha, ambao hupakiwa kwenye makontena na kupelekwa katika vinu vya kuyeyushia vya Asia na Ulaya. Unga huo ndio makinikia. Geita haisafirishi makinikia kwa sababu dhahabu yake hutoka mgodini ikiwa imekwisha kuyeyushwa kuwa matofali ambayo hayajasafishwa, na ndiyo maana dhoruba ya 2017 iliipiga kampuni moja kuliko nyingine. Mwezi Machi mwaka huo Rais John Magufuli alipiga marufuku usafirishaji wa makinikia, makontena 277 yakazuiwa Dar es Salaam, na kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikaripoti mwezi Mei kwamba sampuli zake zilionyesha wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa kila tani, ilhali nyaraka za usafirishaji zilionyesha kiasi cha gramu 200. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi hiyo, ilikanusha vikali. Mamlaka ya Mapato hata hivyo iliidai kodi, riba na adhabu zenye jumla ya dola bilioni 190.

Katika sakata lile lipo jambo ambalo halikupewa uzito unaostahili. Makontena yale hayakupita bandarini kwa kificho, wala hayakupimwa na mgeni peke yake. Tangu mwaka 2009 nchi ilikuwa na Wakala wa Ukaguzi wa Madini, chombo cha Serikali kilichokuwa kikichukua sampuli na kufunga makontena kwa lakiri, kwa hiyo mgongano wa 2017 ulikuwa pia mgongano kati ya mizani mbili za dola moja, na Wakala ule ukavunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Madini. Taifa lisiloamini kipimo chake lenyewe haliwezi kumshinda mwenye maabara, hata liwe na sheria kali namna gani. Mwisho wa shauri ulikuja kwa mazungumzo: kampuni mama ya Acacia, Barrick, ilikubali kulipa dola milioni 300, Serikali ikapewa hisa za asilimia 16 katika migodi, ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga kwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, na makinikia yaliyozuiwa yakaruhusiwa kwenda vinuni kule kule ng'ambo. Umbali kati ya bilioni 190 na milioni 300 unaweza kusomwa kama ushindi au kama aibu. Lililo hakika ni kwamba dai la kwanza halikuwa kipimo, na kwamba asilimia 16 isingepatikana bila mtu kugonga meza.

Mwadui jambo hili linaonekana waziwazi zaidi, kwa kuwa almasi haina bei moja kama dhahabu. Kila jiwe huthaminiwa peke yake kwa uzito, rangi, usafi na umbo, na watu wawili wenye ujuzi wanaweza kulitazama kwa lenzi ile ile wakatofautiana. Mwishoni mwa Agosti 2017 shehena ya karati 71,654.45 kutoka mgodi wa Williamson ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, thamani iliyoandikwa ikiwa takriban dola milioni 14.8, na Serikali ikaithamini upya kuwa milioni 29.5. Mmiliki wa wakati huo, kampuni ya Petra, alikana kudanganya. Miaka minne baadaye, katika makubaliano ya Desemba 2021, hisa za Serikali zilipanda kutoka asilimia 25 hadi 37. Anayekosa wathamini wake mwenyewe hulazimika kumwamini wa mwenzake au kumtilia shaka, na hali zote mbili hugharimu.

Mwezi Julai 2017 Bunge lilipitisha sheria tatu kwa pamoja, mojawapo ikitangaza mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya utajiri na rasilimali zake, lugha inayofuata Azimio namba 1803 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1962. Mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na migogoro ya rasilimali ikakatazwa kupelekwa katika mahakama za nje. Lakini sheria ya ndani haifuti ahadi ambayo nchi imekwisha kuitoa kwa nchi nyingine. Tanzania ilikuwa na mikataba ya kulindiana uwekezaji, miongoni mwake wa Uingereza wa 1994 na wa Kanada wa 2013, inayomruhusu mwekezaji kuishtaki Serikali mbele ya wasuluhishi wa kimataifa; na kanuni mpya zilipofuta leseni za kuhodhi maeneo, wenye leseni hizo walifanya hivyo hasa. Winshear ya Kanada ilikubali dola milioni 30 mwaka 2023, na Indiana Resources, iliyokuwa na eneo la nikeli Ntaka Hill huko Nachingwea, ilishinda dola milioni 109 ambazo mazungumzo ya 2024 yalizishusha hadi milioni 90. Mwaka 2016 nchi hiyo hiyo ilikataa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, uliotaka masoko ya ukanda yafunguliwe kwa sehemu kubwa ya bidhaa za Ulaya, na hakuna aliyeipeleka popote. Kukataa kabla ya saini ni haki isiyo na bei. Kukataa baada yake hulipiwa, na fedha hutoka katika mfuko ule ule unaojenga zahanati.

Yapo pia maswali ambayo neno "taifa" huyafunika. Madini yote ya Tanzania yako kisheria chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo mwanakijiji mwenye shamba juu ya mwamba wa dhahabu hana dhahabu. Ana shamba tu. Mwezi Agosti 1996 waliohamishwa Bulyanhulu ili kupisha mgodi walikuwa wachimbaji wadogo Watanzania, na waliowahamisha walikuwa na amri ya Serikali ya Tanzania. Mamlaka ya nchi yanaweza basi kuwa imara kabisa mbele ya wawekezaji wa Toronto na London huku yakiwa mazito mno juu ya Kakola, kando ya mgodi huo.

Wachimbaji hao hawakutoweka. Leseni ndogo za uchimbaji hutolewa kwa Watanzania pekee, na kuzunguka Geita, Mbogwe na Msalala kazi yao ina lugha yake: duara ni shimo linaloshuka kufuata mwamba wenye dhahabu, karasha ni mashine inayosaga mawe kwa kelele mchana kutwa, na mwalo ni mahali pa kuoshea unga, unaomiminwa kwa maji juu ya mbao zilizotandikwa magunia ili chembe nzito zinase. Kinachonaswa huchanganywa na zebaki, hukamuliwa kwa kitambaa hadi kibaki kidonge chenye rangi ya fedha, kisha huchomwa motoni, zebaki ikapaa na kuingia mapafuni mwa aliye karibu. Mabaki ya unga uliooshwa, yaitwayo marudio, hayatupwi, kwani bado yana dhahabu. Hununuliwa na wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi, na hao mara nyingi hufaidi kuliko aliyeshuka shimoni.

Kidonge hicho zamani kilikuwa cha broka, aliyekuja na mizani yake na bei yake. Mwaka 2019 Bunge liliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na tarehe 17 Machi mwaka huo soko la madini la Geita, la kwanza la aina yake nchini, likafunguliwa: mchimbaji huingia na dhahabu yake, hupimwa mbele ya ofisa wa Tume ya Madini, mrabaha hukatwa hapo hapo, na mnunuzi aliyesajiliwa hulipa. Tangu Oktoba 2024 wafanyabiashara na wachimbaji hutakiwa kutenga asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya viwanda vya kusafishia vya ndani na Benki Kuu ya Tanzania.

Mizani ya soko hilo sasa ni ya Serikali na uzito husomwa kwa gramu. Bei bado huhesabiwa kutoka kwenye wakia, na hupangwa London mara mbili kwa siku ya kazi, saa ambazo majira ya baridi ya Ulaya yakifika huwa Geita ni saa saba na nusu mchana na saa kumi na mbili jioni; mwenye kidonge na mwenye fedha hukaa pande mbili za meza, kila mmoja na simu mkononi, wakisubiri.