Kucheza, Kufifia na Kuzimika: Lugha ya Kueleza Hitilafu za Kiwambo cha Kompyuta na Namna ya Kutafuta Chanzo Chake

1.0 Utangulizi

Kompyuta ya mezani ambayo picha yake inachezacheza, au ambayo uso wake unageuka mweusi ghafla wakati mwenyewe yu katikati ya kazi, haielekei kuwa mada ya jarida la Kiswahili. Hata hivyo, hitilafu ya namna hii, kabla haijafika mikononi mwa fundi, hupitia kwanza kinywani mwa mtumiaji, na mara nyingi ni huko ambako mambo huanza kwenda kombo. Mtafiti mmoja alimwambia fundi wake kwa simu kwamba kompyuta yake "imekufa". Fundi alilichukua kasha, akaifuta diski yote na kupandikiza mfumo endeshi upya. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa kwa miezi kadhaa yakapotea. Kompyuta iliporudishwa mezani, uso wake ulikuwa mweusi vilevile. Kilichokuwa kimelegea ni waya wa picha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kinazo nyenzo za kisarufi zinazotosha kuieleza hitilafu hii kwa usahihi, na kwamba maelezo sahihi ndiyo nusu ya utafutaji wa chanzo chake. Nusu iliyobaki ni majaribio machache ambayo hayahitaji bisibisi.

2.0 Vitenzi na taarifa vinazobeba

Kitenzi *kufa* hutumika sana kwa mitambo: gari hufa, betri hufa, redio hufa. Ni sitiari iliyokwisha kuzoeleka, lakini haimpi fundi taarifa yoyote zaidi ya kwamba kitu hakifanyi kazi. *Kuzima* nako kuna utata wake. Kiwambo huzimwa na mtu, au huzimika chenyewe. Kiambishi *-ik-* cha kauli ya kutendeka ndicho kinachomwondoa mtenda. Katika mazungumzo ya kila siku wengi husema "kompyuta imezima", na hapo msikilizaji hawezi kujua kama kilichotokea ni tendo au tukio.

Utata mkubwa zaidi umo katika kiima. Nini hasa kilichozimika? Ikiwa feni zinavuma na taa ndogo ya kasha inawaka, basi kompyuta haikuzimika. Kilichozimika ni kiwambo. Tofauti hii hufichwa na mazoea yetu ya kuliita kasha zima "sipiyu", ilhali jina hilo ni la kichakato kimoja kidogo kilicho ndani yake, na kukiita kiwambo "kompyuta" kwa kuwa ndicho kinachotazamwa. Nimewaona watumishi wakibonyeza kitufe cha kiwambo jioni na kuondoka wakiamini kwamba wameizima kompyuta, nayo ikaendelea kufanya kazi usiku kucha.

Kwa upande wa mwanga usiotulia, msamiati ni mpana kuliko tunavyoutumia. Neno la mitaani ni *kucheza* au *kuchezacheza*, nalo linafaa kwa mazungumzo, lakini linachanganya mambo matatu. Mwanga wote unaweza *kupepesa*, yaani kuwaka na kufifia kwa haraka kama jicho. Picha inaweza *kutetema*, yaani mwanga umetulia lakini mistari na herufi zinasogea. Uso unaweza pia *kumweka*, yaani kutoa mwako wa ghafla na kurudi katika hali yake. *Kufifia* ni jambo jingine kabisa: mwanga hupungua polepole na picha ingalipo. Mwenye kusema "inafifia" badala ya "inacheza" amekwisha kumwelekeza fundi kwenye taa ya nyuma ya kiwambo.

Hali na njeo nazo husema mengi. "Imezimika" ni hali iliyofikiwa na inayoendelea. "Inazimikazimika", kwa uradidi wake, ni tukio linalojirudia bila mpango. "Huzimika" ni mazoea, na palipo na mazoea pana sharti linaloyaleta. Sharti hilo hukaa katika kirejeshi *-po-*: huzimika meza inapotikiswa, huzimika ninapofungua mchezo au filamu, huzimika jokofu la ofisi ya jirani linapoanza kunguruma. Kwa maoni yangu, katika malalamiko yote ya mtumiaji hakuna mofimu yenye thamani kuliko hii. Kila moja ya sentensi hizo tatu inaelekeza kwenye chanzo tofauti: ya kwanza kwenye waya, ya pili kwenye joto, kadi ya michoro au ugavi wa umeme ndani ya kasha, na ya tatu kwenye umeme wa jengo.

3.0 Kiwambo, au kinachokilisha?

Jaribio la kwanza linatumia vitufe vya kiwambo chenyewe. Viwambo vingi vina orodha yake ya marekebisho ya mwanga na rangi, ambayo huchorwa na kiwambo bila msaada wa kompyuta. Ifunguliwe orodha hiyo wakati picha inapepesa. Orodha ikipepesa pamoja na picha, hitilafu yaelekea kuwa ndani ya kiwambo au katika umeme unaokifikia. Orodha ikitulia huku picha nyuma yake ikihangaika, kiwambo kina afya, na tatizo liko katika waya, kadi ya michoro au programu. Vivyo hivyo, kiwambo kinachowaka na kuandika kwamba hakipokei mawimbi si kiwambo kibovu. Kinasema kweli kuhusu kile ambacho hakikuletewa.

Ikiwa uso ni mweusi kabisa, mtu auangaze kwa tochi kwa mshazari huku kompyuta ikiwa inafanya kazi. Katika viwambo bapa vya kioo maji, picha huundwa na tabaka moja na mwanga hutolewa na jingine lililo nyuma. Picha hafifu ikionekana chini ya tochi, basi picha ipo na mwanga ndio uliokufa. Hapo neno *kufa* limepata mahali pake.

Viwambo vya zamani vya bomba la kioo vilikuwa na sababu nyingine ya kupepesa. Picha yao ilichorwa upya mara kadhaa kwa sekunde, na katika kiwango cha mara 60 macho ya watu wengi yaliona mpepeso, hasa penye mandhari meupe. Kuongeza kiwango hadi 75 au 85 kuliliondoa tatizo. Baadhi ya viwambo vya leo hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima haraka mno, na wapo watu wanaoumwa kichwa kwa sababu hiyo. Kuongeza mwanga huwapa nafuu. Mistari inayoonekana mtu anapokipiga kiwambo picha kwa simu si hitilafu. Ni mwendo wa kamera kutolingana na mwendo wa kiwambo.

4.0 Waya na viunganishi

Sababu hii haina fahari, na labda ndiyo maana hurukwa. Waya wa picha uchomolewe pande zote mbili, utazamwe kama vijiti vyake vimepinda, kisha urudishwe mpaka ukae barabara. Ule wa VGA una skrubu mbili ambazo watu wengi hawazikazi. Kisha ujaribiwe waya mwingine, au kiwambo kipelekwe kwenye kompyuta nyingine. Palipo na kadi ya michoro ya pekee, waya uchomekwe kwenye kadi hiyo na si kwenye tundu la ubao mama, ambalo mara nyingi huwa halitoi picha kadi ikiwapo.

5.0 Programu

Kiwambo kikigeuka cheusi baada ya dakika zilezile za kutoguswa, na kurejea kipanya kinapotikiswa, hakuna ugonjwa. Ni mpangilio wa kuokoa umeme.

Kwa watumiaji wa Windows 10 na 11 lipo jaribio jepesi. Vibonyezwe pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili kufungua dirisha la Task Manager. Dirisha hilo likipepesa pamoja na vyote vilivyomo usoni, ashukiwe kiendeshi cha kadi ya michoro. Lenyewe likitulia na vingine vikipepesa, ishukiwe programu fulani isiyopatana na mfumo. (Neno *kiendeshi* limebebeshwa mizigo miwili, programu inayoongoza kifaa na kifaa kinachosoma diski. Wanaistilahi wetu wangefanya hisani kuitenganisha.) Dawa ya kiendeshi ni kukisasisha, au kurudi kwenye toleo la awali ikiwa matatizo yalianza mara baada ya kusasisha. Kompyuta inayopepesa hata kabla mfumo endeshi haujaanza kupakiwa haiwezi kuponywa kwa kupandikiza mfumo huo upya. Laiti kanuni hii ingejulikana, diski ya yule mtafiti isingefutwa.

6.0 Joto na umeme

Kadi ya michoro inayozimika wakati wa kazi nzito tu huenda imeelemewa na joto. Vumbi lipulizwe, feni zitazamwe kama zinazunguka. Kompyuta nzima ikijizima na kujiwasha katika hali hiyo, kigavi umeme nacho kinastahili kushukiwa. Aidha, umeme wa majengo yetu, ambao kwa Tanzania ni volti 230, hushuka kifaa kikubwa kinapoanza kazi kwenye mkondo uleule. Kifaa cha kusawazisha umeme, au chenye betri ya akiba, si anasa katika chumba chenye tasnifu ambazo hazijachapishwa.

Kumbukumbu zilizolegea pia huacha uso mweusi tangu kuwashwa, pengine kwa milio ya onyo. Zinaweza kuchomolewa na kurudishwa baada ya kuondoa plagi ukutani na kugusa chuma ili kumwaga umeme tuli wa mwilini. Lakini kigavi umeme kisifunguliwe na asiye fundi, wala kiwambo cha bomba: sehemu zake za ndani huweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kuondolewa. Anapoitwa fundi, aandikiwe karatasi yenye kiima sahihi, kitenzi sahihi na vishazi vyote vya *-po-* vilivyokwisha kushuhudiwa, na nakala ya kazi iwe imehifadhiwa pengine kabla kasha halijavuka mlango.