Mguu Ukiuma Baada ya Mbio za Ufuoni

Anayekimbia alfajiri kutoka Silversands kuelekea Mayungu kule Malindi, au kwenye ufuo wa Bofa kule Kilifi, hana mlima wa kupanda: mchanga humtosha. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walibaini kwamba kukimbia mchangani huudai mwili nguvu mara 1.6 ya zile za mahali pagumu. Mguu huzama, kisigino hushuka kupita kiasi, na kazi ya kukiinua huangukia mashavu ya miguu na kano ya kisigino. Ndiyo maana aliyezoea lami akihamia ufuoni ghafla, kesho yake hushuka ngazi kwa kushika ukuta.

Uchovu huo wa misuli una ratiba yake. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya mbio, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha huisha ndani ya wiki. Mara nyingi huuma miguu yote miwili, umeenea kwenye msuli mzima, na hulegea ukitembeatembea. Wengi hulaumu asidi iliyobaki miguuni, kumbe hiyo huondoka baada ya saa moja hivi ya mapumziko. Kinachouma ni nyuzi za msuli zilizodhurika kidogokidogo, ambazo mwili unazitengeneza upya. Punguza mbio siku chache, tembea taratibu, kula na ulale vya kutosha.

Jeraha halifuati ratiba hiyo. Maumivu yakikuchoma ghafla katikati ya mbio, kama uliyepigwa jiwe nyuma ya mguu, huenda msuli au kano imechanika. Yakikaa mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, juu ya mfupa wa muundi au wa wayo, na yakazidi kadiri unavyokimbia, shuku ufa katika mfupa. Ufa wa aina hii huweza kutoonekana kwenye eksirei kwa wiki 2 au 3 za mwanzo, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi mbioni. Na ukiteguka kifundo cha mguu ukashindwa kupiga hata hatua 4, usingoje kesho. Nenda ukapigwe picha.

Kabla ya kuulaumu mguu, itazame bahari. Maji hujaa na kupwa kwa saa zinazosogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi siku zote atakuta wiki hii mchanga mgumu, bapa, na wiki ijayo ukanda mwembamba wa mchanga laini ulioinamia baharini. Umbali ni uleule, mzigo sio. Kwenye mteremko mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwenzake, na nyonga na goti hulipa gharama. Kimbia maji yakipwa, na urudi kwa njia uliyoendea ili miguu igawane mzigo.

Pwani mguu ukiuma huitwa mkandaji aje na mafuta ya nazi. Kwa uchovu wa kawaida, kukandwa polepole hutuliza. Lakini msuli uliochanika ukikandwa kwa nguvu siku za mwanzo huweza kuvuja damu zaidi. Shavu la mguu mmoja likivimba na kupata joto bila kuumia, huenda damu imeganda mshipani: lisikandwe kabisa, nenda hospitali. Diklofenaki nayo si ya kumeza ili ukimbie. Huficha maumivu yanayokuonya, na kwa aliyekaukiwa maji kwa jasho la Machi, huweza kuumiza figo. Misuli ikivimba na kuuma mno, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, fika siku hiyohiyo katika hospitali ya Malindi au ya kaunti mjini Kilifi: msuli unavunjika na figo ziko hatarini.

Baada ya uchovu au mkazo mdogo, rudi mbioni pale unapoweza kutembea kwa kasi dakika 30 na kurukaruka kwa mguu uliouma bila maumivu. Anza na nusu ya umbali wako, kwenye mchanga mgumu. Maumivu yakirudi mahali palepale, muone mtaalamu wa fiziotherapia kabla hujaongeza hata kilomita moja.