Meru Isiyo ya Arusha, na Embu Iliyo Njiani

Nilipomwambia mama mkwe kwamba nakwenda Meru, aliniuliza begi la nini. Sisi ni watu wa Usa River. Meru anayoijua yeye ni mlima unaoonekana kutoka jikoni kwake. Ikabidi nimweleze kwamba Kenya nako kuna Meru, tena kuna Wameru, ila Kimeru chao hakisikilizani na Kimeru chetu: kile ni ndugu ya Kikikuyu, hiki ni ndugu ya Kichaga. Mlima wao pia ni mwingine, ni Mlima Kenya wenyewe. "Basi wametuibia jina," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Watanzania wengi wanaofika Nairobi kwa kikao, harusi au matibabu hujikuta na siku mbili za ziada na hawana gari. Mbuga nyingi haziendeki kwa miguu, na Mombasa ni mbali. Mimi huwaelekeza upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Hapo linabaki swali moja tu: ushuke Embu, au uendelee mpaka Meru? Miji hii miwili iko kwenye barabara moja. Embu ni mwendo wa kilomita 125 hivi kutoka Nairobi, na Meru ni karibu mara mbili ya hapo.

Treni usiitafute. Reli ya wakoloni ilizungukia upande wa pili wa mlima, kwenye mashamba ya walowezi, ikaishia Nanyuki. Huku kunapandwa matatu, na nyingi huanzia eneo la katikati ya Nairobi liitwalo Tea Room, Barabara ya Accra. Wapiga debe watakuhakikishia kwamba wamebaki abiria wawili gari liondoke. Hao wawili hubaki wawili kwa nusu saa nzima. Sisi tuliozoea nauli za LATRA tujiandae, maana Kenya serikali haipangi nauli: Jumanne mchana ni nafuu, Ijumaa jioni inapanda, na mkesha wa Krismasi usiulize. Kinachotia moyo ni mkanda kwenye kila kiti, tangu waziri John Michuki alipozibana matatu kwa sheria zake za mwaka 2004. Ukimwona dereva anakimbizana na saa, shuka upande gari jingine.

Ukishapita Thika na kuacha barabara ya Nyeri pale Makutano, nchi inalala ghafla. Hiyo ni Mwea, tambarare ya majaruba ya mpunga, na mtu wa Kahama au Mbarali atajiona yuko nyumbani. Mifereji yake ilianza kuchimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa nguvu za wafungwa wa Mau Mau waliowekwa kizuizini. Leo mchele wa pishori wa Mwea ndio Mkenya anaojivunia, nao huuzwa kando ya barabara kwa kilo. Nilikula wali wake Wang'uru kwa maharage, kwenye kibanda cha mabati, na harufu ilifika mezani kabla ya sahani. Wa Kyela na usiukasirikie: ni wa ukoo mmoja kwa kunukia.

Embu yenyewe ni mji wa ofisi. Ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki mpaka kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, na utulivu wa kiserikali haujauhama: miti mikubwa, ua mpana, watu wenye mafaili kwapani. Utautembea wote kwa saa moja. Hoteli yake ya zamani inaitwa Izaak Walton, jina la Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika kitabu cha uvuvi wa ndoana. Jina hilo si la bahati mbaya, kwa sababu mito ya baridi inayoshuka mlimani ilipandikizwa samaki aina ya trauti ili mabwana wa kikoloni wawe na pa kuvulia.

Uzuri wa Embu hauko katikati ya mji. Uko juu na chini yake. Chukua bodaboda mpandishe kuelekea Manyatta: unaanza na kahawa, baridi inaongezeka, mara chai imefunika vilima mpaka ukingo wa msitu. Rudi, kisha ushuke upande wa Mbeere: miembe, vumbi, joto, na vichaka vya muguka, majani ya kutafuna ambayo Mei 2024 baadhi ya kaunti za Pwani zilijaribu kuyapiga marufuku, serikali kuu ikakataa. Nchi za hewa mbili katika asubuhi moja, bila gari la kukodi. Na alfajiri, kabla mawingu hayajajifunga, mlima unasimama wazi na vilele vyake vilivyochongoka. Batian ina mita 5,199, fupi kuliko Kibo yetu, ila sura yake ni kali zaidi. Ikifika saa nne asubuhi umeshaukosa.

Niseme kweli: siku ya pili Embu utaanza kuhesabu mabenki.

Kwa hiyo wenye usiku mmoja walale Embu, na wenye usiku mbili waendelee. Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru kwangu ndiyo safari yenyewe. Kaa dirisha la kushoto, upande wa mlima. Unapita Runyenjes, ambako Waembu wana msitu wao mtakatifu wa Mwenendega, wanayemtaja kuwa baba wa kabila, kisha barabara inaanza kuzama na kupanda: Thuchi, Nithi, Mutonga, mto baada ya mto, kila mmoja na bonde lake. Kwenye daraja la Nithi abiria hunyamaza. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa, na haikuwa ajali ya kwanza. Safiri mchana. Baada ya Chuka na Chogoria, penye hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Uskoti mwaka 1922, unafika Nkubu, na kabla tu ya Meru unavuka ikweta. Kuna bango, na wapo wanaoteremka kupiga picha. Dereva wetu hakuwa na habari nalo.

Meru ni kubwa, ina kelele na ina hela. Soko la Gakoromone linatosha kuwa sababu ya safari: ndizi za kila aina, viazi vya Timau, parachichi la kujaza viganja viwili. Kutoka sokoni nilitembea hadi makumbusho, jengo la mawe la mwaka 1916 lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Ni dogo, na baadhi ya wanyama waliokaushwa wamechoka, lakini ndani yake utajifunza habari za Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo mpaka leo huamua kesi za mashamba, na makao yake yako Nchiru, nje ya mji.

Wazee hao husimulia kwamba Wameru walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, ambako walitumikishwa na watu waitwao Nguo Ntune. Maana yake ni nguo nyekundu. Walitoroka usiku, maji yakawafungukia njia, wakapanda bara mpaka mlimani. Wapo wanaodhani Mbwaa ilikuwa Manda, jirani ya Lamu. Nilisimama pale makumbusho, mtu wa bara niliyesoma historia ya pwani kwenye vitabu, nikaisikia ikisimuliwa kutoka upande wa waliokimbia.

Mbuga ya Meru, ambako wanandoa akina Adamson walimrudisha porini simba jike Elsa waliyemlea, isahau. Iko nyuma ya vilima vya Nyambene, na ndani yake lazima uwe na gari. Badala yake kuna msitu wa Imenti unaopakana na mji, wenye miti ya muuru ambayo mbao zake zimepamba nyumba nyingi za Kenya. Tafuta mwenyeji akusindikize, kwani tembo hupita humo.

Asubuhi ya kurudi nilikaa jirani na mzee wa Igembe. Alipojua ninakotoka alinipa kitita cha miraa kilichofungwa kwenye jani la mgomba, kwa mikono miwili. Kwao hicho si kitu cha mchezo: posa haipelekwi bila miraa. Nikamweleza kwamba kwetu inaitwa mirungi, na ukikamatwa nayo ni kesi ya dawa za kulevya. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Na watu wa huko," akauliza, "wanaoaje?"